Kununua kamera ndogo ya kwanza Zanzibar: anza na lenzi

Chukua bodi moja ya kamera, yaani kamera bila ya lenzi, tuseme Canon EOS R50 ya megapikseli 24. Siku ya kwanza ifunge lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, nenda nayo Forodhani baada ya isha, umpige picha mchoma mishikaki akigeuza vijiti juu ya mkaa. Mikono yake itatoka imefutika kwa mtikisiko, au picha nzima itajaa chenga. Siku ya pili ifunge lenzi ya 50 mm yenye f/1.8, umpige mtu yule yule chini ya taa zile zile. Vidole vitaonekana, cheche zitaonekana, uso utasimama. Bodi haikubadilika wala megapikseli hazikuongezeka. Kilichobadilika ni lenzi, na hiyo lenzi ya pili ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa Marekani kwa dola 199, chini ya theluthi ya bei ambayo bodi hiyo ya R50 ilianza nayo miaka mitatu baadaye.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndilo linalowaponyoka vijana wengi wa Unguja na Pemba wanaokusanya pesa ya kamera ya kwanza. Anayetaka kupiga harusi, anayetembeza wageni, anayetaka kufungua chaneli ya YouTube, wote huulizia bodi: ipi mpya zaidi, ipi ina megapikseli nyingi, Canon au Sony. Lenzi haina wa kuiulizia. Pesa yote inaishia kwenye bodi, na lenzi ya boksi inabaki pale mbele miaka na miaka. Picha za usiku zikiharibika, inalaumiwa kamera.

Kilichotolewa ndani

Kamera za DSLR, zile nene ambazo wapiga picha wa harusi wamezibeba kwa miaka mingi, zina kioo kilichosimama mshazari mbele ya kihisi, yaani kile kibao kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kioo kile huupeleka mwanga juu, kwenye kitundu unachoweka jicho. Ukibonyeza, kioo huruka juu kupisha njia, kisha hurudi. Ule mlio mzito wa kamera kubwa unatoka hapo kwa kiasi kikubwa.

Kwenye mirolesi (mirrorless), yaani kamera zisizo na kioo, kioo hicho hakipo. Mwanga unaingia kwenye lenzi na kufika kwenye kihisi moja kwa moja, na unachokiona wewe ni taswira ya kihisi chenyewe, ama kwenye skrini ya nyuma ama kwenye kiskrini kidogo kilichomo ndani ya kitazamio, pale unapoweka jicho. Kwa kuwa kioo hakipo, lenzi inaweza kusogea karibu. Kwenye mfumo wa zamani wa Canon, EF, kutoka ilipo pete ya kufungia lenzi mpaka kwenye kihisi ni milimita 44. Kwenye mfumo wao wa mirolesi, RF, ni milimita 20. Wembamba wa bodi umetoka hapo. Panasonic walitoa Lumix G1 mwaka 2008, Sony wakafuata na NEX mwaka 2010, na Canon na Nikon wakaja na mifumo yao ya RF na Z mwaka 2018.

Kwa anayejifunza, faida kubwa ya mirolesi wala si wembamba. Ni kuiona picha kabla ya kuipiga, na kwetu sisi jambo hili lina uzito kuliko kwengine kwa sababu ya mavazi yetu na mchanga wetu. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala buibui. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina mwanga wa wastani. Msimamishe bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa: kamera itaona weupe umezidi, itapunguza mwanga, kanzu itatoka kijivu na uso wake utakuwa giza. Wapange kina mama waliovaa mabuibui meusi, itafanya kinyume chake: mabuibui yatapauka na nyuso zitaungua kwa mwanga. Dawa yake ni marekebisho yenye alama za + na −. Kwenye weupe panda mpaka +1, kwenye weusi shuka mpaka −1, halafu malizia kwa jicho. Mwenye DSLR alikuwa akipiga, akitazama nyuma, akipiga tena. Mwenye mirolesi anaiona kanzu ikiwa nyeupe ndani ya kitazamio na kidole chake bado hakijabonyeza. Mchanga wa Paje na Jambiani adhuhuri nao una tabia ile ile ya kanzu.

Lakini ili uyaone hayo lazima uwe na pa kuyaonea. Zanzibar iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, na jua la saa sita mchana huwa juu sana mwaka mzima. Chini ya jua hilo skrini ya nyuma haisomeki. Unaona uso wako na anga nyuma yako. Kamera kadhaa zinazotangazwa kwa wanaoanza hazina kitazamio kabisa: Sony ZV-E10, Nikon Z30, Fujifilm X-M5. Ni kamera nzuri kwa anayejirikodi video chumbani au kivulini. Kwa atakayefanya kazi ufukweni mchana, mimi simshauri kuzinunua. Canon R50, Nikon Z fc, Nikon Z50, Sony za a6000 na a6400, Olympus E-M10, zote zina kitazamio. Canon R100 ambayo ni ya bei nafuu nayo inacho, ila skrini yake haikunjuki wala haiguswi, na anayetoka kwenye simu ataliona pengo hilo siku ya kwanza.

Tundu la milimita 28

Ile namba ya f inawatisha watu bure. Ni hesabu ya kugawanya tu: urefu wa fokasi wa lenzi, zile milimita zake, ugawanye kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya 50 mm yenye f/1.8 ina tundu la upana wa milimita 28 hivi. Lenzi ya boksi ya Canon R50 ni 18-45 mm. Ukiivuta mpaka 45 mm inaishia f/6.3, maana yake tundu lake ni la milimita 7. Ndiyo maana namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa.

Mwanga unapita kwenye eneo la tundu, si kwenye upana wake, hivyo tofauti hukua kwa kuzidisha namba kwa yenyewe. Kutoka f/6.3 mpaka f/1.8 mwanga unaongezeka kama mara 12. Sasa irudishe hesabu hiyo Forodhani. Kama kwa f/6.3 kamera inahitaji shata, yaani pazia lake la mwanga, ikae wazi 1/15 ya sekunde ili ipate mwanga wa kutosha, kwa f/1.8 itahitaji kama 1/180. Katika 1/15 ya sekunde mkono wa mpishi unasafiri na kuacha alama ya njia yake yote. Katika 1/180 umesimama. Ukitaka kuisimamisha mikono ile kwa lenzi ya boksi, itakubidi uipandishe ISO, yaani kiwango ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupata, mara 12, na chenga zinaingia hapo.

Linganisha na kile ambacho watu hulipia pesa nyingi zaidi, ukubwa wa kihisi. Kihisi cha fulu fremu kina milimita 36 kwa 24. Kihisi cha APS-C, kilichomo kwenye kamera nyingi za wanaoanza za Sony, Nikon na Fujifilm, kina takriban 23.5 kwa 15.6, cha Canon kimepungua kidogo. Kihisi cha Micro Four Thirds, cha Olympus na Panasonic, kina 17.3 kwa 13. Ukizidisha, fulu fremu ina eneo mara 2.4 ya APS-C, na APS-C ina eneo mara 1.6 ya Micro Four Thirds. Kwa hiyo anayeruka kutoka APS-C kwenda fulu fremu, huku bei ikipanda mara mbili au zaidi, anapata mwanga mara 2.4. Anayebaki na APS-C yake na kununua lenzi ya f/1.8 anapata mara 12. Hesabu hii ningependa kila anayekwenda dukani awe ameifanya kwenye karatasi yake mwenyewe.

Lenzi ya tundu kubwa ina masharti yake. Ikifunguliwa yote, eneo lililo makini ni jembamba: jicho la bibi harusi liko safi, sikio limeshaanza kufifia. Kwa mtu mmoja ni jambo la kupendeza. Kwa dada sita waliopangwa safu mbili utajikuta na safu moja safi na nyingine ukungu. Funga tundu mpaka f/4 au f/5.6 na ulipie kwa ISO. Kamera za mirolesi za miaka ya karibuni, kama Sony a6400 ya 2019 na R50 yenyewe, hulifuata jicho la mtu zenyewe, na hilo ndilo linalofanya f/1.8 iwezekane kwa mtu ambaye mkono wake bado haujazoea.

Kuna kifaa cha kutuliza mtetemo, ndani ya baadhi ya lenzi au ndani ya bodi yenyewe. Olympus E-M10 Mark IV inacho ndani ya bodi. R50, Z fc na ZV-E10 hazina. Kinasaidia sana kupiga jengo au kichochoro usiku bila ya stendi. Ila kinatuliza mkono wako wewe, si wa mpishi. Usikinunue ukidhani kitafanya kazi ya tundu.

Kichochoro hakikuruhusu kurudi nyuma

Milimita 50 za lenzi hazionyeshi upana ule ule kwenye kila kamera. Kihisi kidogo kinakata katikati ya taswira, na picha inaonekana imesogezwa karibu. Kwenye APS-C ya Sony, Nikon na Fujifilm zidisha milimita za lenzi kwa 1.5, kwenye ya Canon kwa 1.6, kwenye Micro Four Thirds kwa 2, ndipo utapata kipimo kimoja cha kulinganishia. Ile 50 mm tuliyoipeleka Forodhani, kwenye R50 inaona kama 80 mm. Ni nzuri kwa uso wa mtu mmoja, au kwa mikono ya mpishi ukiwa umesimama upande wa pili wa meza.

Ingia nayo sasa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo watu wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Utataka kuupata mlango wa nakshi mzima, kutoka kizingiti mpaka juu, na mgongo wako tayari umegusa ukuta wa nyuma. Hapo 50 mm haina kazi. Lenzi ya boksi ndiyo yenye kazi, na hapa naitetea kwa moyo wote: mchana, vichochoroni, haina mbadala wa bei yake. Lakini lenzi za boksi nazo hazilingani. Za Sony na Nikon zinaanza 16 mm, sawa na 24 kwenye kipimo chetu. Ya Fujifilm inaanza 15, sawa na 22.5. Ya Olympus inaanza 14, sawa na 28. Ya Canon inaanza 18, sawa na karibu 29. Tofauti ya 24 na 29 ukiwa ufukweni unaimaliza kwa hatua mbili za kurudi nyuma. Kichochoroni hatua hizo hazipo, na juu ya mlango panakatika.

Kwa hiyo lenzi ya pili ya kununua isiwe 50 mm kwa sababu tu kila mtu mtandaoni anaisifu. Kwenye APS-C tafuta kitu kati ya 23 na 35 mm chenye f/2 au chini yake: Nikon wana 24 mm f/1.7, Sony wana 35 mm f/1.8, Canon wana 35 mm f/1.8, na Sigma wana 30 mm f/1.4 kwa mifumo kadhaa. Kwenye Micro Four Thirds, Panasonic wana 20 mm f/1.7 na 25 mm f/1.7. Hizi zinaingia ukumbini, zinaingia jikoni, zinaingia barazani. Hazina zumu, na wengi huogopa hilo. Mji huu umepigwa picha kwa lenzi zisizo na zumu kwa miongo mingi. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio hapa mjini mwaka 1930, zumu ya kamera za picha mnato ilikuwa bado haijafika sokoni, na taswira nyingi za Zanzibar ya wakati ule tunazozitazama leo zilitokana na mtu kusogea kwa miguu yake.

Udogo unapimwa na lenzi ikiwa imefungwa

Dukani kamera huonyeshwa bodi tupu, na bodi tupu ya fulu fremu siku hizi inaweza kuwa ndogo ya kushangaza. Sony A7C ina gramu 509 pamoja na betri na kadi. Ifungie lenzi ya Sony ya 24-70 mm f/2.8, toleo la pili, ambayo peke yake ni gramu 695, na mkoba umeshapita kilo moja na gramu 200. Kihisi kikubwa kinadai lenzi itupe duara kubwa la taswira, na duara kubwa linadai vioo vikubwa. Hakuna kampuni iliyoikwepa sheria hiyo. Olympus E-M10 Mark IV pamoja na lenzi yake bapa ya 14-42 mm inafika gramu 476, yaani kamera nzima ni nyepesi kuliko bodi tupu ya A7C. Kamera unayoweza kuitia kwenye mkoba wa kawaida unapokwenda sokoni ndiyo utakayokuwa nayo jambo linapotokea.

Na simu? Kama kazi yako ni ya mchana na picha zinaishia WhatsApp na Instagram, baki na simu, pesa yako iweke. Hata zile simu chache zenye kihisi kikubwa cha inchi moja, eneo lake ni theluthi tu ya APS-C, lakini kwenye mwanga mwingi pengo hilo halionekani kwenye skrini ndogo. Pengo huja usiku, na huja unapotaka lenzi ambayo simu haina.

Lipo jengine linaloipa kamera nafasi hapa kwetu. Kwenye shughuli za wanawake, siku ya hina au ndani ukumbini wageni wanapovua mabuibui, familia nyingi hazitaki picha zitoke nje ya nyumba. Simu huwa imeunganishwa na mtandao, na picha inaweza kupanda kwenye akaunti kabla hujaitazama. Kamera yenye kadi unaweza kuifanyia kazi bila ya kuiunganisha na chochote, ukamkabidhi mama wa bibi harusi kadi mkononi mwake. Mpiga picha wa kike anayeijua kazi yake na anayejulikana kwa siri yake ana kazi ya kutosha visiwani hapa.

Na msikitini, wakati wa kuozesha, mirolesi nyingi zinaweza kupiga kimya kabisa kwa shata ya kielektroniki. Angalizo ni kwenye taa. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za LED za bei ndogo humeta mara 100 kwa sekunde bila ya sisi kuona. Shata ya kielektroniki ikiwa ya kasi huchora michirizi ya giza kwenye picha. Iweke 1/50 au 1/100 na michirizi mingi itaondoka. Usisubiri siku ya harusi kulijaribu.

Nani anunue nini

Anayeanza na harusi, kwa maoni yangu, atafute Sony a6400 au Canon R50 pamoja na lenzi ya 35 mm f/1.8, hata ikimlazimu kununua bodi iliyotumika ili lenzi ipatikane. Bodi hizi zina nafasi moja tu ya kadi, hivyo abebe kadi mbili za GB 64 na abadilishe katikati ya shughuli badala ya kuweka harusi nzima kwenye kadi moja. Kadi iwe na alama ya V30, ambayo ni ya kasi ya kurikodi, na ikishanunuliwa ijazwe mpaka mwisho kisha zifunguliwe picha zote zilizomo, maana kadi bandia hufanya kazi vizuri mpaka siku inapojaa. Betri ya pili si anasa: kipimo rasmi cha Sony a6000, kwa mfano, ni picha 360 hivi kwa betri moja.

Anayetembeza wageni na kurikodi video, R50 inamtosha, kwa kuwa skrini inageuka kumtazama na kitazamio kipo. Atahitaji na kichujio cheusi cha ND. Mchana wa jua kali, kwa ISO 100 na shata ya 1/50 inayotakiwa kwa video laini, tundu ingebidi lifungwe mpaka f/22, na huko picha inaanza kupoteza makali yake.

Kwa mtu wa Pemba anayependa viumbe, Micro Four Thirds ndiyo ningeinunua bila ya kusita. Lenzi ya Olympus ya 40-150 mm ina gramu 190 tu na inavuta mpaka sawa na 300 mm. Popo wa Pemba wanaoning'inia juu ya miti ya Kidike, au ndege wa msitu wa Ngezi, wanafikika nayo, na mfukoni bado pana nafasi. Kima punju wa Jozani hawahitaji hata hiyo. Wamewazoea watu, na lenzi ya boksi inatosha.

Familia za lenzi

Ukinunua lenzi umeingia kwenye familia, kwa sababu lenzi ya mfumo mmoja haiingii kwenye mwengine. Bodi utaibadilisha baada ya miaka michache. Lenzi utabaki nazo. Mfumo wa E wa Sony ndio wenye lenzi nyingi za kampuni nyengine, Sigma na Tamron wakiwemo. Canon waliwafungulia hao wawili mlango wa lenzi za APS-C kwenye RF mwaka 2024 tu.

Jihadhari na familia zisizoendelezwa tena. Canon EOS M50 ni kamera inayouzwa sana ikiwa imetumika, na bei yake inavutia. Mfumo wake, EF-M, Canon wameuacha, na lenzi zake haziingii kwenye kamera za RF hata kwa adapta ya Canon. Ukiinunua, ichukulie kuwa ni kamera ya kujifunzia, pamoja na lenzi moja au mbili zilizokwishapatikana, na usiwekeze zaidi humo. Nikon 1 na Samsung NX nazo zimekwisha zamani. Upande wa Olympus, kazi ya kamera ilihamia kampuni ya OM Digital Solutions mwaka 2021, na lenzi za Micro Four Thirds zinaendelea kutengenezwa.

Chumvi na kuvu

Bodi za wanaoanza kwa kawaida hazina ulinzi dhidi ya maji. Ukiwafuata kina mama wa mwani wakati wa bamvua, kamera iwe shingoni wala si mkononi, na ukirudi ipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi ufukweni kusi inapovuma: kwenye mirolesi nyingi ukitoa lenzi kihisi kiko wazi kabisa, na mchanga wa pwani ya mashariki ni laini kiasi cha kupeperuka na kuingia. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa hivi ipate joto taratibu, la sivyo vioo vitashika umande.

Kuvu ndio adui mkubwa zaidi. Hupenda giza, joto na unyevu, na kabati la nyumba ya mawe wakati wa masika lina vyote vitatu. Mkoba wa ngozi au wa kitambaa si mahali pa kuhifadhia lenzi. Nunua kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, weka ndani pakiti za silika jeli, zikaushe au uzibadilishe zinapolowa, na kila wiki itoe lenzi uitumie kwenye mwanga.

Unaponunua lenzi iliyotumika, ifungue tundu lote na uimulike kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja huku ukitazama kwa upande mwengine. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache hata kwa nusu bei. Bodi nayo ifungie lenzi, weka f/16, upige picha ya anga tupu na uikuze: madoa yanayokaa mahali pale pale kwenye kila picha, hayo yamo juu ya kihisi. Vumbi husafishika, mkwaruzo hausafishiki. Washa menyu uizunguke yote kabla ya kulipa. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na menyu ya Kijapani peke yake, hakuna lugha nyengine ya kuchagua humo, na kamera hizo hufika kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika zikiwa safi na rahisi. Muuzaji akikwambia lugha utaibadilisha nyumbani, mwombe aibadilishe pale pale.